Kona ya cherehani nyumbani: Anza na macho na mgongo, mapambo baadaye

Na Mwandishi Wetu

Chamwino. Katika nyumba nyingi za Chamwino, Buigiri na Mvumi, cherehani haina chumba chake. Inakaa sebuleni pembeni ya kochi au barazani, na mama mwenye nayo huanza kushona vyombo vikishaoshwa na watoto wakishalala.

Kazi zenyewe hazikosekani. Kuna sare za shule, mashuka, vitambaa vya makochi na magauni ya vitenge ya sherehe. Kwa wilaya iliyo jirani na Jiji la Dodoma, soko nalo haliko mbali.

Lakini wapo wanaoiacha kazi hiyo wakiwa bado na wateja. Mmoja anashindwa na mgongo, mwingine shingo, na mwingine anaona macho hayawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Ndiyo maana kabla ya kufikiria rangi ya ukuta na mapazia ya kona yako ya kushonea, fikiria kwanza mwili utakaokaa hapo kwa saa tatu au nne kila siku.

Tafuta mwanga kwanza

Nyumba za asili za Wagogo, tembe, zilikuwa na paa bapa la udongo na matundu madogo ya kupitisha mwanga. Zilikinga jua na upepo, lakini ndani zilikuwa na giza. Nyumba za leo za tofali na bati zina madirisha makubwa, ila mara nyingi yamefunikwa na mapazia mazito au kabati limewekwa mbele yake.

Weka cherehani karibu na dirisha, mwanga ukitokea mbele au upande wako wa kushoto, ambako ndiko sindano iliko. Mwanga ukitoka nyuma, kivuli chako mwenyewe kinaangukia kitambaa.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, dirisha la kaskazini au kusini lina mwanga uliotulia kuliko la mashariki na magharibi, ambayo hupigwa na jua kali asubuhi na jioni. Kwa hapa Dodoma, la kaskazini lina faida nyingine. Miezi ya kiangazi upepo wenye vumbi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, hivyo upande huo wa nyumba hupata nafuu.

Usiku, balbu moja ya katikati ya dari haitoshi. Ongeza taa ndogo ya mezani, hata ya sola, imulike sindano bila kukupiga machoni. Kibatari kiepuke kabisa, kwa sababu ya moshi wake na kwa sababu umezungukwa na vitambaa vinavyoshika moto haraka.

Kiti kisikuumize

Stuli na ndoo iliyogeuzwa ndivyo vinavyochosha mgongo zaidi. Tafuta kiti chenye egemeo, na kama ni kifupi weka mto mgumu. Ukikaa sawasawa, nyayo zote mbili zinatulia kwenye kanyagio, magoti yanakunjika bila kubanwa na meza, na viwiko viko usawa wa meza au juu yake kidogo. Ukijikuta unainamisha kichwa kuifuata sindano, kiti, meza au mwanga wako una tatizo.

Kukata kitambaa sakafuni ni chanzo kingine cha maumivu ya kiuno. Meza ya chakula inafaa zaidi, na ukikata umesimama ni bora zaidi.

Kila nusu saa inuka, nyoosha mabega, tembea hadi uani. Macho nayo yapumzishe kila baada ya dakika 20 kwa kutazama kitu kilicho mbali, kama mti au paa la jirani, kwa sekunde 20.

Miwani si aibu

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza uwezo wa kujirekebisha kuona vitu vya karibu. Hiyo ni hali ya kawaida ya umri, nayo hurekebishwa kwa miwani ya kusomea. Bahati mbaya, wapo wanaodhani ndiyo mwisho wa ufundi wao na kuiuza cherehani.

Utafiti uliofanyika vijijini nchini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 uliwahusisha watu 824 wenye umri wa miaka 35 hadi 65 wanaotegemea kazi za mikono, mafundi cherehani wakiwamo. Baada ya miezi minane, waliopewa miwani ya karibu walikuwa na kipato kikubwa kwa takribani asilimia 33 kuliko ambao hawajapewa.

Usichague miwani kwa kubahatisha mnadani. Pima kwanza, kwa kuwa kutoona vizuri kunaweza pia kutokana na mtoto wa jicho, presha ya macho au kisukari. Wakazi wa Chamwino wana bahati, kwani Hospitali ya Mvumi inafahamika kwa miaka mingi kwa huduma za macho.

Pasi ya mkaa nje

Juni na Julai, baridi ya Dodoma huwafanya wengi wafunge madirisha. Pasi ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Washia mkaa nje, na pasi uinyooshee barazani.

Vumbi la vitambaa na la barabarani lifute kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia likapepea. Cherehani ifunike ukimaliza kazi.

Vifungo, shanga na pini viwe kwenye makopo yenye mifuniko, juu, mbali na watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni. Mkasi utundike kwenye msumari. Sindano ikikuchoma, osha kwa maji na sabuni. Ikikatikia ndani ya kidole, nenda zahanati, na uulize kama unahitaji chanjo ya pepopunda.

Sasa ipendeze

Ukishayapanga hayo, pamba. Paka ukuta chokaa nyeupe, itaongeza mwanga. Panga vitambaa kwa rangi kwenye rafu ya mbao za makreti, na uzi kwenye misumari ili uuone bila kupekua. Tundika kibuyu chenye shanga cha bibi yako au kipande cha kitenge unachokipenda, kiwe kitu cha kukupa wazo jipya. Weka kiti cha pili kwa ajili ya mteja, shoga, au binti anayetaka kujifunza.

Kama fedha ni kidogo, nunua kwa mpangilio huu: taa, kiti, miwani ikihitajika, kisha rafu. Pazia jipya linaweza kusubiri. Hata hivyo utalishona mwenyewe.