Programu ya Simu kwa Kliniki: Tuchague Kiunzi Gani?

Hapa Dzaleka wapo vijana waliojifunza kutengeneza programu za simu. Baadhi yao wangependa kuzitumia kusaidia kliniki, kwa mfano kumkumbusha mama kwamba mtoto ametimiza miezi 9 na anatakiwa chanjo ya surua, na tena akifika miezi 15. Ni wazo zuri. Lakini kuna uamuzi wa kufanya kabla ya kuanza.

Upande usioonekana

Programu ya simu ina pande mbili. Mmoja ni ule unaouona mkononi. Wa pili uko kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza kumbukumbu na kuzijibu simu zote. Fundi haanzi upande huo bila kitu. Hutumia fremuweki, yaani kiunzi kilichokwisha tengenezwa na wengine, kama fundi nyumba anayenunua milango na madirisha tayari.

Viko viunzi vizito na vyepesi. Django, iliyotolewa mwaka 2005, huja na mambo mengi, pamoja na utaratibu wa kuingia kwa neno la siri. Flask na Express, zote za mwaka 2010, ni nyepesi: zinakupa msingi tu, mengine unaongeza mwenyewe.

Malawi ilijifunza nini?

Mwaka 2008 hospitali ya St. Gabriel's huko Namitete, magharibi ya Lilongwe, ilianza kutumia FrontlineSMS. Wahudumu wa afya wa vijijini walituma SMS, na kompyuta moja ya hospitali ikazipokea bila kuhitaji intaneti. Mwaka 2009 UNICEF ilijaribu nchini RapidSMS, iliyojengwa juu ya Django. Mhudumu alituma vipimo vya mtoto, naye akajibiwa kama mtoto ana utapiamlo. Kazi zote mbili zilifaa kwa sababu zilianza na simu ambazo watu walikuwa nazo.

Maswali ya kujiuliza

1. Mtandao ukikatika, itakuwaje? Programu inayokwenda haraka ofisini City Centre, Lilongwe, inaweza kukwama hapa kambini. Ijaribuni hapa. Itume maneno machache, na itunze taarifa kwenye simu mpaka mtandao urudi.

2. Nani ataitengeneza ikiharibika? Aliyeijenga anaweza kupata safari ya kwenda nchi ya tatu, na programu ikabaki yatima. Chagueni lugha ambayo vijana wengi hapa wanaijua, na andikeni maelezo ya kila hatua. Programu fupi husomeka na mtu mwingine kwa urahisi.

3. Ni taarifa gani zitahifadhiwa? Hili ndilo kubwa kuliko yote.

Siri ya mgonjwa

Wepesi una gharama yake. Kiunzi chepesi hakiji na kufuli zote. Usipoziweka mwenyewe, mlango uko wazi. Kama programu inatunza namba ya kadi na tarehe ya kurudi tu, Flask au Express inatosha. Kama itatunza majina na magonjwa, ni afadhali kutumia kiunzi chenye ulinzi tayari, na kazi isianze bila idhini ya kituo cha afya. Tangu mwaka 2024 Malawi ina sheria ya kulinda taarifa za watu, na taarifa za afya zinahitaji uangalifu zaidi.

Kumbuka pia kwamba simu moja hutumiwa na familia nzima. Ujumbe useme, "Tafadhali njoo kliniki Jumanne." Usitaje ugonjwa wala dawa. Mtu anayeogopa kwamba jirani atajua hali yake anaweza kuacha dawa, na hapo programu itakuwa imeleta madhara badala ya msaada.

Kijana mwenye wazo, zungumza kwanza na wauguzi na wahudumu wa afya wa jamii. Waulize shida yao ni nini kabla ya kuwasha kompyuta. Mzazi, usingoje SMS: tarehe ya mtoto wako imeandikwa kwenye kadi yake.