Kupima Adapta ya USB Kabla ya Kuilaumu Bodi

Tuseme mmetengeneza kifaa cha kupima unyevu wa udongo katika shamba la vitunguu la umwagiliaji, Ruaha Mbuyuni. Bodi ina kihisi, na vipimo vyake vinatakiwa kuonekana kwenye kompyuta. Skrini ni tupu. Wengi huanza kung'oa kihisi na kuandika programu upya, wakati kati ya bodi na kompyuta kuna kebo na adapta ambazo hakuna aliyezipima. Mtahiniwa anayeulizwa jinsi ya kutafuta kasoro aanzie hapo.

Bodi hutuma data biti moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja. Kompyuta inapokea data kwa utaratibu wa USB, hivyo adapta hukaa katikati na kubadilisha. Pini zake muhimu ni TX ya kutuma, RX ya kupokea na GND, ambayo ni hasi ya pamoja.

Anza na kebo. Kebo ya USB 2.0 ina nyaya nne: mbili za umeme wa volti 5 na mbili za data. Baadhi ya kebo za kuchajia simu zina zile mbili za umeme tu. Taa ya adapta itawaka vizuri kabisa, lakini kompyuta haitatambua kitu. Taa kuwaka si ushahidi kwamba data inapita.

Kisha tenga bodi. Unganisha TX na RX za adapta yenyewe kwa kipande cha waya, fungua programu ya mawasiliano, uandike herufi A. Ikitokea kwenye skrini, usishangilie bado: toa waya, uandike tena. Herufi ikiendelea kutokea, ni programu inayojionyeshea yenyewe unachoandika, na adapta bado hujaipima. Ikitoweka, basi adapta inatuma na kupokea. Hatua hii ya kutoa waya ndiyo wanafunzi huiruka.

Hata hivyo jaribio hili halipimi kila kitu. Adapta inajitumia na kujipokelea kwa kasi ileile, kwa hiyo herufi hurudi hata kama kasi uliyochagua si ya bodi. Bodi ikituma biti 115200 kwa sekunde na kompyuta ikasoma 9600, utaona herufi zisizosomeka. Volti nazo hazijulikani. Weka multimita kati ya TX na GND wakati hakuna kinachotumwa: TX ikiwa imetulia hukaa juu, hivyo utasoma karibu volti 3.3 au 5. Bodi ya volti 3.3 ikipewa 5 inaweza kuungua.

Ukirudisha bodi, TX ya adapta iende RX ya bodi, RX iende TX, na GND iende GND.

Swali: Bodi inatuma ripoti ya herufi 480 kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi ina biti 1 ya kuanzia, 8 za data na 1 ya kumalizia. Itachukua muda gani?

Jibu: Biti zote ni 480 × 10 = 4800. Muda ni 4800 ÷ 9600 = sekunde 0.5. Aliyepata sekunde 0.4 amehesabu biti 8 za data peke yake.