Aliyepigwa Nyumbani Aende Wapi?

Nyumba za vijijini kwetu Handeni na Korogwe hazina kuta za kuzuia sauti. Mtu akipigwa usiku, jirani anasikia. Anasikia fimbo, anasikia kilio, anasikia na mtoto anayemwomba baba yake aache. Kesho yake watu wanakutana lamboni kuchota maji, na mama yule amevimba jicho. Akiulizwa anasema, "Nimejigonga mlangoni." Wenzake wanasema, "Pole." Kisha kila mtu anabeba ndoo yake.

Wanaonyamaza hivyo si watu wabaya. Wengi wanaogopa kuambiwa wanaingilia ndoa ya watu. Wengine wangependa kusaidia, ila hawajui aliyepigwa aende wapi na aanze na nani. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Ukatili wa nyumbani si ngumi peke yake. Mume akimfungia mke wake nje usiku pamoja na watoto, huo ni ukatili. Hali kadhalika kumtukana kila siku mbele ya wakwe, kumkataza asiende kwao, au kumtishia kwa panga hata kama panga halikumgusa. Uko na ukatili mwingine tunaoujua sana sisi wakulima. Mke na mume wamelima pamoja, wamepalilia pamoja, wamefukuza nguruwe pamoja. Mahindi yakishaingia ndani, mume anapakia magunia kwenye pikipiki, anakwenda gulioni, na fedha inaishia kwenye dengelua na kwa watu wengine. Mke akiuliza, anapigwa. Miezi ya mavuno, ambayo ingekuwa ya furaha, kwa nyumba nyingine ndiyo miezi ya vilio.

Watu husema pombe ndiyo inayopiga. Sisi hatukubali hata kidogo. Mlevi huyohuyo hampigi mwenyekiti wa kijiji, wala hampigi polisi. Akitoka kilabuni anapita nyumba kumi bila kumgusa mtu, anafika kwake, anampiga mke wake. Pombe inaongeza ukali, lakini anayechagua wa kumpiga ni yeye mwenyewe.

Je, jambo hili ni la watu wachache? Katika uchunguzi wa afya ya wananchi uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016, wanawake wa miaka 15 mpaka 49 waliulizwa. Katika kila wanawake 100, wapatao 40 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15. Uchunguzi huo uliuliza na jambo jingine. Je, mume ana haki ya kumpiga mke akiunguza chakula, akitoka bila kuaga, akibishana naye, asipowatunza watoto vizuri, au akimnyima unyumba? Waliosema ndiyo, kwa sababu mojawapo au zaidi ya hizo, walikuwa wanaume 40 katika kila 100. Na wanawake? Walikuwa 58 katika kila 100.

Hebu soma tena hapo. Wanawake waliokubali ni wengi kuliko wanaume. Si ajabu ukifikiri. Msichana anafundwa avumilie. Mama yake alivumilia, bibi yake pia. Anaambiwa asiyepigwa hapendwi. Kwa hiyo mtu akipigwa, kwanza anajiuliza amekosa nini. Ndiyo maana kumwambia tu "nenda kashitaki" hakutoshi.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Ndoa ilipitishwa na Bunge letu mwaka 1971. Kifungu cha 66 kinasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kumpiga, hata kama iko mila inayoruhusu. Tazama neno hilo "mwenzi". Mume hana haki ya kumpiga mke, na mke hana haki ya kumpiga mume. Wako wanaume wanaopigwa na kuona haya kusema. Nao wanastahili kusikilizwa bila kuchekwa. Tena, kumpiga mtu na kumjeruhi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, awe mkeo au mpita njia. Kifungu cha 241 kinaweza kumpeleka mtu jela mpaka miaka 5. Mahari haikununua ruhusa ya kupiga.

Hapa pana jambo linalotusumbua kuliko yote, nalo ni desturi ya kuyamaliza mambo nyumbani. Mke kavunjwa mkono. Wazee wa pande mbili wanaitwa. Mjomba yupo, mshenga yupo. Wanakaa chini ya mwembe mpaka jioni. Mume anatozwa faini ya mbuzi au fedha kidogo. Mbuzi analiwa, fedha zinakwenda kwa wazee, na mama mwenye mkono uliovunjika anarudishwa kwa mume yuleyule usiku uleule. Ndani ya mwezi anapigwa tena, safari hii kwa sababu "alimwaibisha" mumewe mbele ya wazee.

Hatudharau vikao vya wazee. Mume na mke wakigombana juu ya wageni, juu ya karo, juu ya shamba lipi lilimwe kwanza, wazee ni watu wa maana sana. Lakini mkono uliovunjwa si ugomvi, ni kosa la jinai, na wazee hawana madaraka ya kulifuta kosa la jinai kwa mbuzi. Wala mwenyekiti wa kitongoji hana. Wala mtendaji hana. Kiongozi akiletewa mtu aliyejeruhiwa, kazi yake ni kumwandikia barua na kumfikisha polisi na hospitali.

Basi aliyepigwa aende wapi? Kama ameumia, afya ndiyo ya kwanza. Anayetoka damu nyingi au aliyezimia apelekwe haraka zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na mtu mwingine aende polisi. Polisi wanatoa fomu namba tatu, inayoitwa PF3. Fomu hiyo haiuzwi. Mganga anaandika humo majeraha aliyoyaona, na maandishi hayo ndiyo ushahidi mahakamani. Jeraha hupona, uvimbe hushuka, lakini karatasi inabaki. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, ambako askari wamefunzwa kupokea mashauri ya namna hii. Mtu ana haki ya kuomba asikilizwe faraghani, si kaunta mbele ya watu waliokuja kuulizia pikipiki zao.

Aliyebakwa asioge na asifue nguo alizovaa, hata kama anajisikia vibaya. Nguo azifunge kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa, aende nazo. Afike kituo cha afya kabla saa 72 hazijapita, yaani siku tatu. Ndani ya muda huo anaweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, na mapema ndiyo bora zaidi. Kama ni mtoto aliyetendewa ukatili, mtu yeyote anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo, hata kama simu haina salio. Jirani anaweza kupiga, na mwalimu anaweza kupiga.

Tunajua njia ni ndefu. Kutoka Kwamsisi mpaka Chanika si mwendo wa kwenda na kurudi kwa miguu. Nauli ya bodaboda kwa mtu asiyeshika fedha ni mlima. Vikundi vingi vya kina mama vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii, wa misiba na wa wagonjwa. Kikundi kikikubali kwamba mfuko huo ulipe pia nauli ya aliyepigwa, mtu hatakaa ndani na mbavu zilizovunjika kwa kukosa nauli.

Jirani naye ana kazi yake. Ukisikia mtu anapigwa, usiende peke yako wala usishike silaha. Iteni watu wawili watatu, mpige hodi. Ombeni hata kiberiti. Mara nyingi hodi peke yake inamsimamisha mwenye kupiga, kwa kuwa anajua sasa anasikika. Panga likiwa mkononi, msiingie. Piteni kwa mwenyekiti na mgambo, pigeni simu polisi. Kesho yake mtafute mama yule mahali mtakapokuwa wawili tu. Usimwulize, "Ulimfanya nini?" Mwulize, "Ungependa nikusaidieje?" Mwekee kwako kadi ya kliniki ya watoto, kitambulisho chake na cheti cha ndoa kama anacho, pamoja na kanga mbili. Siku akilazimika kutoka usiku, hatatoka mikono mitupu. Na siri yake usiipeleke lamboni.

Wengine hawatoki kwa sababu wanaogopa kupoteza watoto na jasho lao. Kuhusu watoto, Sheria ya Ndoa inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, isipokuwa mahakama ikiona sababu ya kufanya vingine. Baba anabaki na wajibu wa kumtunza mtoto. Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za mke nyumbani, kupika, kufua na kulea, ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakushinda mgawo katika shauri lile kwa sababu nyingine, lakini maneno yale yamewasaidia wengi baada yake. Anayetaka talaka kwa kawaida huanzia bodi ya usuluhishi ya ndoa, na bodi ikishindwa hutoa hati ya kwenda mahakamani. Wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017, hueleza hayo bila malipo. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kukuelekeza waliko.

Wapo wanaosema mila haibadiliki. Mjini Kampala, Uganda, wananchi wa mitaa kadhaa walijadiliana kwa miaka juu ya nguvu za mume na mke nyumbani, wakifundishana wao kwa wao, wanaume wakiwemo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Katika mitaa ile, wake waliopigwa na waume zao mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa karibu nusu wakilinganishwa na mitaa ambayo haikuwa na mazungumzo hayo. Na hapa jirani, Pangani, watu wa UZIKWASA wamekuwa wakitumia michezo ya kuigiza na redio kuzungumzia mambo haya hadharani.

Serikali nayo, katika mpango wake wa taifa wa kupinga ukatili ulioanza mwaka 2017, iliagiza ziundwe kamati za ulinzi wa wanawake na watoto mpaka ngazi ya kijiji. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu, simama uulize. Kamati yetu ina kina nani? Inakutana lini? Aliyefukuzwa usiku analala kwa nani?

Msomaji anaweza kuuliza, je, nikimsaidia halafu akarudi kwa mumewe? Inatokea, tena mara nyingi. Mwanamke huweza kuondoka na kurudi mara kadhaa kabla hajaamua kabisa. Anarudi kwa ajili ya watoto, au kwa kuahidiwa mabadiliko, au kwa kuwa kwao wamemwambia hakuna nafasi. Usimsute. Kanga zake na kadi za watoto ziache palepale ulipoziweka, na mwambie bado ziko.