Ubongo ukitikisika uwanjani, usiharakishe kurudi mchezoni

Ikiwa una mtoto anayecheza raga katika shule ya upili mjini Kitale au Bungoma, huenda umewahi kuliona tukio hili. Kijana anamkaba mwenzake ili amwangushe, na kichwa chake kinagonga goti. Analala chini kidogo, kisha anainuka akitikisa kichwa. Mwalimu anamuuliza kutoka kando ya uwanja, "Uko sawa?" Naye anajibu, "Niko sawa, mwalimu." Watazamaji wanampigia makofi na mchezo unaendelea.

Kijana huyo huenda asiwe sawa hata kidogo. Tena yeye ndiye mtu wa mwisho kuulizwa swali hilo, kwa sababu kiungo anachotakiwa kukitumia kujibu ndicho kilichoumia.

Kutoka raga hadi NFL

Vijana wengi wa kwetu hucheza kwa matumaini ya kufika mbali, na mfano wa kuwatia moyo upo. Daniel Adongo, Mkenya aliyezaliwa mwaka wa 1989, alicheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand. Julai 2013 alitia saini mkataba na Indianapolis Colts, timu ya ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, NFL, ingawa hakuwa amewahi kuucheza mchezo huo. Desemba mwaka huo aliingia uwanjani dhidi ya Cincinnati Bengals, na akatajwa kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Colts walimwachilia mwaka wa 2015, baada ya michezo michache.

Adongo alisajiliwa kama lainbeka, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya kwanza ya walinzi. Kazi ya lainbeka ni kumfuata mwenye mpira na kumwangusha kwa nguvu. Michezo aliyocheza Adongo ilikuwa hasa ya kikosi maalumu kinachoingia wakati wa mpira kupigwa mbali, ambapo wanaume wenye uzito wa zaidi ya kilo mia moja hutoka mbio pande mbili na kugongana. Kwa mchezaji wa namna hiyo, kugongana ndiyo kazi yenyewe.

Mwezi mmoja tu baada ya Adongo kutia saini, Agosti 2013, NFL ilikubali kulipa dola milioni 765 ili kumaliza kesi ya maelfu ya wachezaji wa zamani waliodai kwamba hawakuonywa ipasavyo juu ya madhara ya kugongwa kichwani. Baadaye kikomo cha malipo kwa wagonjwa kiliondolewa. Hebu basi tuone ni kitu gani kilichowatia hofu watu hao.

Mala ndani ya kibuyu

Ubongo ni laini na huelea ndani ya maji yaliyomo katika fuvu. Fikiria kibuyu cha mala. Ukikitikisa kwa ghafla kibuyu hakivunjiki, lakini mala iliyomo hupigana na kuta zake. Ndivyo inavyokuwa kichwa kinapogongwa au shingo inapotupwa kwa kishindo. Ubongo hunyooka na kujipinda, nyuzi zake nyembamba huvutwa, na kazi ya chembechembe zake huvurugika kwa muda. Hali hii huitwa mtikisiko wa ubongo.

Mambo matatu huwadanganya watu wengi. Kwanza, wanadhani ni lazima mtu azirai. Ukweli ni kwamba walio wengi hawazirai. Pili, wanadhani picha ya kichwa ikiwa safi basi hakuna tatizo. Picha hiyo huonyesha damu iliyovuja au mfupa uliovunjika. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani. Tatu, wanadhani helmeti au kofia laini ya raga huuzuia. Helmeti huukinga mfupa wa fuvu, na kwa hiyo mpanda bodaboda asiiache nyumbani, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu.

Pigo la pili

Mtikisiko mmoja ukipumzishwa vizuri, watu wazima wengi hupona katika wiki mbili hivi. Watoto na vijana huweza kuchukua hadi mwezi mmoja. Hatari kubwa huja mchezaji anapogongwa tena kabla hajapona. Mara chache sana, na hasa kwa vijana, pigo la pili hufanya ubongo uvimbe kwa haraka, na mchezaji anaweza kufariki muda mfupi baadaye.

Kuna pia hatari ya miaka mingi. Mwaka wa 2002 Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, aliyekuwa mchezaji wa NFL, akakuta maradhi ambayo madaktari huyaita kwa kifupi CTE. Junior Seau, lainbeka mashuhuri aliyecheza misimu 20, alijiua Mei 2012 akiwa na umri wa miaka 43. Mwaka wa 2013 ilitangazwa kwamba ubongo wake ulikuwa na maradhi hayo hayo. Maradhi haya huhusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi, yakiwemo mapigo madogo yasiyomwangusha mtu. Kwa sasa huthibitishwa tu baada ya kifo, kwa hiyo usikubali mtu yeyote amtazame mchezaji aliye hai na kumtangazia kuwa anayo. Wala si kila mchezaji hupatwa nayo.

Dalili za kuangalia

Mchezaji akigongwa, angalia kama anayumba, anakodoa macho, anasahau matokeo ya mchezo au anakimbilia upande usio wake. Mwenyewe anaweza kulalamika kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, au kuchukia mwanga na kelele. Dalili nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa au hata siku ya pili. Kijana hulala vibaya, hukasirika ovyo, au hushindwa kufuata somo darasani na kuitwa mvivu.

Mpeleke hospitali mara moja iwapo anatapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanazidi, ana degedege, mboni za macho hazilingani, mkono au mguu umelegea, maji mepesi au damu yanatoka puani au masikioni, au hawezi kuamshwa. Akiwa na maumivu ya shingo, asiinuliwe na watu wasio na ujuzi. Hospitali za rufaa za Kitale na Bungoma zinaweza kumpima kwanza, na ikibidi zimpeleke Eldoret.

Jinsi ya kurudi

Aliyeshukiwa kuwa na mtikisiko atolewe uwanjani na asirudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Asiachwe peke yake, asinywe pombe, wala asiendeshe pikipiki. Kwa maumivu apewe paracetamol. Aspirini na dawa za jamii ya ibuprofen ziepukwe mwanzoni kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja kwa damu.

Siku moja au mbili za kwanza apumzike, apunguze pia simu na televisheni. Kisha aanze kutembea polepole, baadaye akimbie kidogo, halafu afanye mazoezi yasiyo na kugongana. Dalili zikirudi, arudi hatua moja nyuma. Mwongozo wa World Rugby kwa wachezaji wasio wa kulipwa unataka mtu akae siku 14 bila dalili kabla ya mazoezi ya kugongana, na asicheze mechi kabla ya siku ya 21. Masomo nayo yarudi kabla ya mpira.

Mzazi, mweleze mwanao mapema kwamba kusema "naumwa na kichwa" si woga. Vijana wengi huficha dalili wakihofia kupoteza nafasi katika timu au ufadhili wa masomo. Nawe mwalimu, mhakikishie kijana kwamba nafasi yake itamsubiri. Wiki tatu nje ya uwanja hazijamnyima mtu safari ya kwenda ng'ambo, lakini pigo moja juu ya ubongo ambao haujapona laweza kuikatiza safari hiyo kabla haijaanza.