Ajira za Jua Dumila Ziko Shambani

Ajira za kijani zikitajwa, wengi hufikiria kwanza kiwanda cha paneli au mtambo mkubwa wa sola kama ule wa Kishapu, Shinyanga, ambao mkataba wake ulisainiwa mwaka 2023 na unajengwa kwa awamu kufikia megawati 150. Dumila haina kiwanda wala mtambo. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, unaoishi kwa mahindi, mpunga, mbogamboga na biashara ya njiani. Hata hivyo, naamini mji wa namna hii ndio unaoweza kuvuna ajira za jua zinazodumu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya sola huanza pale paneli inapofika kwa mtumiaji.

Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, IRENA, lilikokotoa nguvukazi inayohitajika na mtambo wa sola wa megawati 50 katika maisha yake yote. Jumla ilikuwa karibu siku 229,000 za kazi ya mtu mmoja. Kutengeneza na kununua vifaa kulichukua asilimia 22 tu, na ujenzi asilimia 17. Uendeshaji na matengenezo vilibeba asilimia 56. Kazi hizo haziwezi kuagizwa kutoka China, maana lazima zifanywe paneli ilipo. Ni kweli kwamba kati ya watu milioni 7.2 walioajiriwa katika umeme wa jua duniani mwaka 2023, milioni 4.6 walikuwa China, na hatutashindana na viwanda vyake kwa bei. Lakini bei hiyo ndogo inatufaa. Kati ya 2010 na 2023 gharama ya uniti moja ya umeme wa mitambo mikubwa ya sola ilishuka kwa asilimia 90 hivi duniani, na paneli ambayo zamani ilikuwa ya hospitali na minara ya simu sasa inauzwa madukani.

Kwa Dumila, faida iko kwenye maji. Paneli za kilowati moja, kwa jua letu, hutoa takribani uniti nne kwa siku. Tuseme maji yako mita kumi chini, na theluthi moja tu ya nguvu hiyo ndiyo inayofika kwenye maji, nyingine ikipotelea kwenye mota na mabomba: bado zitapanda lita zaidi ya 40,000 kwa siku. Ekari moja ya nyanya wakati wa kiangazi huhitaji kama lita 20,000 kwa siku. Kwa hiyo seti hiyo ndogo inatosha ekari mbili, bila petroli na bila betri, kwa sababu tangi la maji linafanya kazi ya betri. Jua huwa kali siku zile zile zao linapokuwa na kiu. Mkulima anayemwagilia anapata msimu wa pili, na msimu wa pili unahitaji watu wa kupanda, kupalilia, kuvuna, kufungasha na kusafirisha. Hizo nazo ni ajira za jua, ingawa mara nyingi hazihesabiwi.

Kuna watakaouliza: ya nini sola, na Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, tena mkoa huu wa Morogoro una mitambo ya umeme wa maji ya Kidatu na Kihansi? Hoja hiyo ina nguvu kwa duka, saluni au mashine ya kusaga iliyo kando ya barabara. Hapo umeme wa TANESCO ndio sahihi. Shamba lililo mbali na nguzo ni habari nyingine. Kuvuta waya hadi huko kwa ajili ya pampu moja inayofanya kazi miezi michache kwa mwaka ni gharama ambayo mkulima mdogo haiwezi.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la maji yenyewe. Petroli humlazimisha mkulima kuzima mashine. Jua halimlazimishi, na pampu nyingi zikifunguliwa asubuhi hadi jioni, mto utakauka kabla ya kufika kwa wa chini, katika wilaya inayojua vizuri ugomvi wa wakulima na wafugaji. Sheria ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji inadai kibali, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iko Morogoro. Kibali na mita ya maji viende pamoja na pampu tangu siku ya kufungwa. Kuisoma na kuitunza mita hiyo ni kazi nyingine ya fundi.

Na fundi ndiye anayekosekana. Paneli nzuri huishi zaidi ya miaka 25, lakini waya mwembamba, kiungio kilicholegea au pampu isiyolingana na kina cha kisima huua mfumo mapema, kisha jirani anahitimisha kwamba sola ni utapeli. VETA ina vyuo Kihonda, Dakawa na Mikumi, vyote mkoani humu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hiyo ikikopesha kikundi cha vijana waliosomea ufundi huo, wamiliki pampu kadhaa, wazikodishe kwa wakulima na kulipwa baada ya mavuno, mkulima hatalazimika kutoa mtaji wote siku ya kwanza, na anayetengeneza pampu atakuwa na sababu ya kutaka isiharibike.