Hanyu na wasapota wake: Japani inawapenda, Japani inawaogopa

Hapa Lubumbashi hakuna mutu wa kumufundisha mwingine maana ya sapota. Tuko na nyumba zenye baba ni wa Mazembe, mama ni wa Lupopo, na siku ya derby bukari inakuliwa kimya kimya. Tunajua furaha yake, tunajua pia mawe yake. Kwa hiyo tulipoanza kusoma habari za wasapota fulani wa Japani, wenye inchi yao yenyewe inawatazama kwa macho mawili, moja la kucheka na lingine la woga, tulitaka kuelewa. Na hawa hawapigi kelele juu ya mupira. Wanafuata kijana mumoja wa patinage artistique, ule muchezo wa kuteleza na kuruka juu ya barafu, miguu ndani ya viatu vyenye chuma chini, muziki ukipigwa. Tena wengi wao si vijana wa mtaa: ni mamas wa umri, wengine wako na wajukuu.

Kijana mwenyewe anaitwa Yuzuru Hanyu. Alizaliwa tarehe 7 mwezi wa 12, 1994, katika muji wa Sendai, kaskazini-mashariki ya Japani. Sendai si muji wa bure katika muchezo huu: wanasema patinage ya Japani ilizaliwa pale, kwenye kiziwa kidogo cha Goshikinuma karibu na ngome ya zamani, na Shizuka Arakawa, mwenye alipata medali ya zahabu kule Torino 2006, alikomalia pale. Tarehe 11 mwezi wa 3, 2011, Hanyu alikuwa na miaka 16, alikuwa kwenye mazoezi, wakati inchi ilitetemeka. Wale wenye kazi yao ni ya chini ya ardhi wanajua namna mutu anasikia mambo kama hayo kwa miguu mbele ya kuyasikia kwa masikio. Alikimbia inje na patini zikiwa bado kwenye miguu. Yeye na wazazi wake walilala siku kadhaa ndani ya ukumbi wa watu wenye walikimbia nyumba zao. Patinoire ikafungwa, akabaki kuzunguka muji kwa muji akitafuta barafu ya kujifunzia.

Kutoka pale mapendo ya watu yalianza kuwa ingine. Mwaka 2012 alienda Toronto, Canada, kwa mwalimu Brian Orser. Mwaka 2014, Sotchi, alipata zahabu ya Olimpiki akiwa na miaka 19. Mwaka 2015, ndani ya wiki mbili tu, alipata pointi 322,40 kule Nagano, kisha 330,43 kule Barcelona. Mbele yake hakuna mwanaume mwenye alikuwa amepita 300. Mwezi wa 11, 2017, alijiumiza kifundo cha muguu wa kuume kwa kujaribu kuruka. Mutu wa mgodi anajua muguu kama ule unamaanisha nini: unabaki nyumbani, unahesabu siku za malipo zenye zinapita. Yeye alibaki bila kushindana miezi mitatu, akarudi moja kwa moja kwenye Olimpiki ya PyeongChang 2018, na dawa ya kutuliza maumivu, akashinda tena. Kushinda Olimpiki mbili kufuatana, mwanaume wa mwisho kufanya vile alikuwa Mumarekani Dick Button, 1948 na 1952. Siku ya kumupokea Sendai, watu zaidi ya 100.000 walisimama kando ya barabara.

Sasa tuje kwa dubu.

Hanyu alikuwa na kisanduku cha karatasi za kupangusia makamasi, chenye kilifunikwa na pupe ya Winnie l'ourson, yule dubu wa manjano mwenye watoto wetu wanamuona kwenye televizyo. Alikuwa anakiweka kando ya barafu kila mara. Wasapota wakaona, wakaelewa. Tangu pale, akimaliza tu kucheza, wanatupa mapupe ya dubu yule kutoka viti vya juu, mamia kwa mamia, mvua ya manjano. Watoto wadogo wenye patini wanaingia kuokota, wanajaza mifuko, wanarudi, wanajaza tena. Maua nayo yanafungwa vizuri ndani ya plastiki, kwa sababu jani moja la ua likibaki juu ya barafu linaweza kumuangusha mutu: chuma cha patini kiko na upana wa milimetre 4 hivi, na mutu akishuka kutoka juu, uzito wenye unapiga muguu wake ni mara tano ya mwili wake ao zaidi. Yale mapupe hayaendi nyumbani kwa Hanyu. Yanapewa watoto na kazi za musaada za muji wenyewe. Kwenye Olimpiki walimukataza kuingiza dubu wake kwa sababu ya sheria za biashara na marke. Wasapota wakatupa yao hivyo hivyo.

Na pesa? Ndiyo, iko pesa. Japani, tikiti za muchezo huu zinapatikana kwa tombola: unaandika jina, unangoja bahati. Kuna wenye walisafiri mpaka Canada, Finlandi ao Urusi juu ya dakika saba za kumuona. Hanyu alitoa faida ya kitabu chake cha maisha kwa ile patinoire ya Sendai yenye tetemeko lilivunja, maana yake kila mama mwenye alikinunua aliweka kipande cha barafu chini ya miguu ya mutoto wa mutu mwingine. Kule Kobe kuna hekalu lenye jina Yuzuruha, karibu sawa na jina lake. Wasapota wanaenda pale na vibao vidogo vya mbao, wanaandika maombi juu ya vifundo vyake. Kyoto vilevile, kwenye hekalu la Seimei, kwa sababu moja ya michezo yake mikubwa iliitwa hivyo. Mutu anaweza kucheka. Sisi hatukucheka sana: tumeona watu kwenye stade ya Kamalondo wakifanya maombi marefu kuliko yale juu ya penalti moja.

Lakini kuna upande mwingine. Wapenzi wengine wa patinage, wale wenye wanapenda muchezo wote, walianza kulalamika tangu zamani. Wanasema wasapota wa Hanyu wanajaza viti vyote, kisha hawaoni mutu mwingine. Wanasema ukigusa jina lake kwa neno moja la ukali, unapata majibu mamia kwenye telefone. Wanasema kila akikosa zahabu, ni majuji ndio wezi.

Hili la majuji tulifafanue, kwa sababu ndipo moto wote unawakia. Katika mupira, goli ni goli. Katika patinage, majuji tisa wanaketi wanatoa pointi juu ya kila muruko, kutoka kutoa 5 mpaka kuongeza 5 tangu 2018, na tena pointi juu ya uzuri wa muchezo. Kando yao kuna wengine wenye wanaangalia kama mutu alizunguka mara nne kamili hewani ama alipunguza robo. Robo ya muzunguko, na mutu anapita kwa kasi! Wasapota wanachukua video, wanaipunguza, wanaisimamisha picha kwa picha, wanapima pembe ya muguu. Wengine wamejua kazi ile karibu kama wenye wanalipwa kuifanya. Mara wako na haki, mara ni mapendo tu ndiyo yanapima.

Na si wao wa kwanza. Kisha Sotchi 2014, wakati Mukorea Kim Yuna alipata feza na Murusi Adelina Sotnikova akapata zahabu, watu zaidi ya milioni moja walitia jina kwenye barua ya kulalamika. Wazee wetu wenye walikuwa wanafuata televizyo ya Ufaransa wanamukumbuka Surya Bonaly, yule dada mweusi wa Nice. Mwaka 1994, kwenye mashindano ya dunia, Japani kabisa, kule Chiba, alishindwa na Yuka Sato kwa tofauti ndogo sana. Akavua medali ya feza kwenye shingo, watu wakamuzomea. Kisha, Nagano 1998, akapiga ile salto ya kinyumenyume na kushuka kwa muguu mumoja, kitu chenye kilikatazwa tangu miaka ya 1970. Leo sheria imebadilika, salto inaruhusiwa tangu 2024, na wenye waliona ni vibaya wakati ule wanaipigia mikono. Sapota mwenye kulia juu ya majuji hawezi kuwa mujinga siku zote.

Tena tuone Saitama, mwezi wa 3, 2019, mashindano ya dunia. Hanyu alimaliza, mvua ya dubu ikanyesha, na mwenye alipaswa kucheza kisha pale alikuwa Mumarekani Nathan Chen. Alingoja watoto waokote mapupe ya mwingine, akaingia, akapata 323,42, akashinda, Hanyu 300,97. Ukumbi ulikuwa umejaa Wajapani. Walimupigia Chen mikono. Wenye wanachora wasapota hawa wote kama wachawi wanasahau siku ile.

Pekin 2022 ndipo watu wengi walielewa mapendo haya yanashikilia nini. Siku ya kwanza, patini yake iliingia ndani ya tundu la barafu, muruko mumoja ukapotea, akabaki wa 8. Siku ya pili, tarehe 10 mwezi wa 2, badala ya kutafuta medali kwa akili, alijaribu kitu chenye hakuna mutu alikuwa amefanya katika mashindano: axel ya mizunguko minne na nusu. Nusu ile inakuja kwa sababu axel ndiyo muruko pekee wenye mutu anaruka akiangalia mbele. Alianguka. Lakini majuji waliiandika kama axel ya nne, haikukamilika, ya kwanza kuandikwa kwenye mashindano makubwa. Akamaliza wa 4, Chen akachukua zahabu. Mwezi wa 9 mwaka ule ule, Ilia Malinin, kijana wa Marekani wa miaka 17, aliishusha vizuri kule Lake Placid. Malinin mwenyewe amesema ni Hanyu ndiye alimupa moyo wa kuijaribu.

Mwezi wa 7, 2022, Hanyu aliacha mashindano, akaanza kufanya maonyesho yake peke yake. Tarehe 26 mwezi wa 2, 2023, alijaza Tokyo Dome, stade ya baseball, watu 35.000 kwa mutu mumoja juu ya barafu. Hakuna muchezaji wa patinage alikuwa amefanya vile.

Kisha akaoa. Alitangaza mwezi wa 8, 2023, bila kusema jina la bibi. Tarehe 17 mwezi wa 11, siku 105 hivi kisha tangazo, akaandika kwamba wameachana.

Barua ile tumeisoma mara mingi. Hasemi mapendo yaliisha. Anasema watu walikuwa wanawafuata mpaka nyumbani, na jamaa zao vilevile. Kwamba kulikuwa matusi, kulikuwa waandishi wenye kutangaza bila ruhusa, na bibi yake hakuweza hata kutoka mulangoni. Anasema alishindwa kumulinda, kwa hiyo anamuacha ili aishi bila vizuizi. Mutu anaoa, anafunga pazia, kisha anaachana kwa sababu ya wenye wako inje ya pazia. Hatujui neno lingine la kuita jambo hili isipokuwa huzuni.

Japani yote ikaanza kutafuta mukosaji. Wengi walinyoosha kidole kwa wasapota: wale mamas wa dubu, wivu wao! Wengine wakasema ni magazeti, kwa sababu ni gazeti moja la kimkoa ndilo lilitoa jina la yule bibi, si sapota. Wengine wakamukosoa Hanyu mwenyewe kwa kuficha. Lakini tuangalie: barua haikutaja neno sapota. Hakuna mwenye alihesabu nani alikuwa kwenye ile gari mbele ya nyumba. Kati ya maelfu ya wanawake wenye walinunua kitabu ili barafu ya Sendai irudi, kumi wanaweza kuwa wenye roho mbaya. Wanaweza kuwa mia. Na ile mia iliwatia matope wote wengine, vile jiwe moja likitupwa kutoka kwenye tribune linafanya klabu yote icheze bila watu. Hiyo sheria ya mupira tunaijua, tumeilipa.

Wenye hatia walinyamaza. Wenye kuumia ni wale wa kawaida: mama wa miaka 60 mwenye anaficha sasa kwenye kazi kwamba yeye ni sapota wa Hanyu, kwa sababu akisema, watu wanamuangalia kama mwenye alivunja nyumba ya mutu. Waliendelea kuja hata hivyo. Mwezi wa 1, 2024, kule Saga, kusini ya inchi, viti vilijaa.

Na kila mwaka mwezi wa 3, Hanyu anafanya onyesho lenye jina notte stellata, usiku wa nyota, katika ukumbi mukubwa wa Rifu, karibu na Sendai. Kisha tsunami ya 2011, ukumbi ule ulikuwa mahali pa kulaza maiti. Watu walikuja pale kutafuta ndugu zao, kitambaa kwa kitambaa. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 10 mpaka 12 mwezi wa 3, 2023. Wasapota walikuja kutoka pande zote za inchi, wakaketi, na muziki ulipoisha walisimama wakapiga mikono.