Wati 2000 za Kwenye Boksi: Namna ya Kuchagua Amplifaya Ndogo ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za mjini zimo spika zilizonyamaza. Utazikuta juu ya kabati, au pembeni mwa sebule zikiwa zimefunikwa kitambaa cha kufuma na kutwishwa chombo cha maua. Mara nyingi spika zenyewe hazina kosa lolote. Kilichokufa ni ile redio kubwa iliyokuwa ikizilisha, ambayo mafundi watatu waliifungua kwa zamu, na yule wa tatu hakuirudisha na skrubu zake zote.

Jozi ya namna hiyo iliingia nyumbani kwangu pamoja na baba yangu. Alizinunua mwaka 1979, na alipokuja kuishi nasi mjini alikuja nazo, pamoja na gramafoni na sanduku la santuri, akaulizia mahali pa kuziweka kabla hajauliza atalala chumba gani. Nikaazimia kumnunulia amplifaya, yaani kile chombo kinachoipokea sauti hafifu kutoka kwenye simu, redio au televisheni na kuikuza hadi iweze kuisukuma spika. Sharti lilikuwa moja tu: fedha za ada ya shule zisiguswe. Nilikosea mara ya kwanza, na mengi nitakayoyaeleza hapa niliyajua kutokana na kosa hilo.

Muuzaji alinionyesha boksi lenye picha ya miali ya radi, na juu yake maandishi mekundu: WATI 2000 P.M.P.O. "Kaka, hii hata ukumbi wa harusi inautosha," aliniambia. Nikalipa. Mke wangu alilipokea boksi mlangoni, akalipima kwa mikono, kisha akaniuliza, "Baba watoto, umenunua sauti au umenunua tarakimu?" Sikumjibu, maana wakati ule nilidhani ni kitu kimoja.

Haukupita mwezi mdogo wangu akahitimu chuo. Ndugu na majirani walijaa uani, nasi tukazitoa spika za mzee nje na kukizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho wake. Muziki ulitoka kama mbao inayopasuliwa kwa shoka, lakini katika shangwe nani angejali? Asubuhi yake baba aliomba nyimbo za dansi za ujana wake, mjukuu akazitafuta kwenye simu na kuzipiga. Mzee alisikiliza kitambo, akasema, "Mbona leo wanaimba ndani ya blanketi?" Zile spika ndogo za sauti nyembamba, moja katika kila sanduku, zilikuwa zimeungua zote mbili.

HESABU YA ADAPTA

Fundi niliyempelekea hakuitazama amplifaya. Alichukua adapta yake ya umeme, akaigeuza na kusoma maandishi madogo ya chini yake: volti 12, ampea 2. "Mzee, hizo wati 2000 zitatoka wapi?" aliniuliza. Volti 12 mara ampea 2 ni wati 24. Hizo ndizo zote zilizokuwa zikiingia.

P.M.P.O. ni kipimo kisicho na kanuni, kila mtengenezaji hujipimia apendavyo. Ulaghai wa namna hii si wa jana. Mwaka 1974 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ilitunga kanuni ya kuwabana watengenezaji wataje wati za kweli kwa masharti yanayojulikana, na mwaka 2024 ilibidi kanuni hiyo irekebishwe na kukazwa. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiona P.M.P.O. kwenye boksi, ichukulie kama pambo. Tafuta neno R.M.S., na hata hapo uliza zilipimwa kwa kasoro ya asilimia ngapi, kwani wati zilizopimwa kwa kasoro ya asilimia 10 ni wati za sauti iliyokwisha kukwaruza.

Iko hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya papo hapo dukani. Chukua volti za adapta, zizidishe kwa zenyewe, kisha gawanya kwa mara mbili ya omu za spika zako, ambazo kwa kawaida huandikwa nyuma ya sanduku lake. Jibu utakalopata ndilo dari ambayo kila upande wa amplifaya ndogo nyingi za siku hizi hauwezi kuivuka pasipo kuiharibu sauti. Volti 12 kwa spika za omu 8: 144 gawanya kwa 16, wati 9. Volti 24 kwa spika zilezile: 576 gawanya kwa 16, wati 36. Spika zikiwa za omu 4, volti 24 hufika wati 72 kila upande, lakini hapo tena zitazame ampea: zikiwa 4, adapta nzima ina wati 96 tu, nazo ni za kugawana pande mbili.

Wati 2000 za kwenye boksi langu, basi, zilikuwa wati 9 kwa kila spika.

KWANI ZAHITAJIKA WATI NGAPI?

Hapa ndipo fundi aliponishangaza zaidi, maana aliniambia kwamba wati 9 safi zingalitosha kabisa sebuleni kwangu. Kosa halikuwa la amplifaya peke yake. Lilikuwa pia la aliyeitoa uani na kuilazimisha ihudumie umati.

Spika ndogo za nyumbani aghalabu hutoa kati ya desibeli 84 na 88 zikipewa wati 1 tu na kupimwa kwa umbali wa mita 1. Mazungumzo ya kawaida ya watu ni kama desibeli 60. Desibeli 85 kwa saa 8 ni kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini hukiona kuwa mpaka wa usalama wa masikio. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya jioni, unapopika, unapopiga pasi au unapozungumza na mgeni, amplifaya yako haitumii hata wati moja.

Wati za ziada zina kazi yake. Muziki hauendi kwa usawa: ngoma hupigwa, tarumbeta hupaa, na kwa nukta moja sauti huruka desibeli 10 au hata 20 juu ya wastani wake. Desibeli 10 ni wati mara 10, na desibeli 20 ni wati mara 100. Amplifaya isiyo na akiba huvikata vilele hivyo vya sauti kama panga likatavyo ncha za majani, na huo mkato ndio uunguzao spika ya sauti nyembamba. Kwa chumba cha familia, wati 20 hadi 40 za kweli kwa kila upande ni akiba ya kutosha. Zaidi ya hapo utalipa sana upate kidogo, kwani tofauti baina ya wati 50 na wati 100 ni desibeli 3 tu. Na ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, wati hulazimika kuongezwa mara 10 hivi.

Wazee watauliza inawezekanaje chombo chenye ukubwa wa kitabu kishindane na mashine za zamani zilizokuwa zikibebwa na watu wawili. Mashine zile zilipoteza karibu nusu ya umeme wake kwa joto, ndiyo maana zilihitaji vipande vizito vya bati la kupoozea. Amplifaya mpya huitwa za daraja la D. Ndani yake umeme huwashwa na kuzimwa mara mamia ya maelfu kwa kila sekunde, na kiasi cha asilimia 85 au 90 huifikia spika. Chipu moja maarufu, TPA3116D2 ya kampuni ya Texas Instruments, hukubali volti 4.5 hadi 26, na nyingi za amplifaya zinazoitumia huuzwa ughaibuni kwa chini ya dola 100 za Marekani, kabla ya nauli na ushuru. Chombo chenye chipu ya aina hiyo, ikiwa maandishi yake yanaruhusu, chaweza kuendeshwa hata kwa betri ya volti 12 ya umeme wa jua. Kwa sisi tunaokatikiwa umeme katikati ya taarifa ya habari, hilo si jambo dogo.

UKIFIKA DUKANI

Nenda na spika zako mwenyewe hata kama utachekwa kwenye daladala, kwani amplifaya iliyojaribiwa kwa spika za muuzaji imekuonyesha spika za muuzaji. Iwashe bila ya muziki, kisha tega sikio karibu na spika: mchakacho hafifu si neno, mvumo mkubwa ukatae. Halafu piga wimbo wenye sauti ya mtu akiimba, kwa sauti ya chini kabisa. Vitufe vya bei rahisi huwa na ila ya kulisha upande mmoja zaidi ya mwingine vikiwa chini, na huko chini ndiko utakakosikiliza usiku watoto wakiwa wamelala.

Tazama matundu ya nyuma pia. Bluetooth yafaa kwa simu, ila kwa televisheni huenda maneno yakachelewa midomo ya wasemaji, hivyo waya ni bora. Gramafoni ni mkasa mwingine. Sindano nyingi za santuri hutoa kama milivolti 5 tu, na bila ya kisanduku chake maalumu cha kuikuza sauti hiyo kwanza, utasikia mnong'ono usio na besi.

Katika kufunga waya, za milimita za mraba 1.5 zatosha kwa mita 5. Nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi; ukigeuza upande mmoja, besi itatoweka nawe utailaumu amplifaya bure. Alama za spika kuukuu zikiwa zimefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwa nukta moja kwenye waya zake: spika kubwa ikisukumika nje, waya ulioguswa na chanya ndio mwekundu. Na jambo hili nalisisitiza: katika amplifaya nyingi za daraja la D waya nyeusi za pande mbili hazipaswi kuunganishwa pamoja, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi waliozoea vyombo vya zamani. Ukiziunganisha waweza kuiunguza mashine siku ileile.

Fundi alibadilisha zile spika mbili ndogo zilizoungua. Amplifaya ya pili niliinunua baada ya kusoma adapta yake, volti 24 na ampea 4, na boksi lake halikuwa na radi wala moto. Kisanduku cha gramafoni kilingoja mshahara wa mwezi uliofuata. Jumapili tulipokifunga, baba alichagua santuri mwenyewe, akaipangusa kwa shati lake, akaketi. Upande wa kwanza ulipokwisha, mjukuu alitaka kuigeuza. Mzee akamzuia kwa mkono, akainuka na kuigeuza yeye. Kitufe cha sauti kilikuwa hakijafika robo.